Anayechelewa na Anayengojeshwa

Wiki mbili zilizopita nilimchelewesha mwanafunzi wangu kwa saa mbili na nusu. Tulikuwa tumepanga kukutana ofisini kwangu saa 4 asubuhi ili tupitie sura ya tatu ya tasnifu yake. Saa 3:30 niliitwa kwenye kikao cha dharura, na kama zilivyo dharura zetu, kikao chenyewe kilianza saa 4:15 kwa sababu aliyekiitisha alikuwa hajafika. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na namba ya mwanafunzi ilikuwamo ndani ya simu. Nilimkumbuka mara mbili, na mara zote mbili nilijiambia kwamba kikao kinakaribia kwisha.

Nilipotoka saa 6:30 nilimkuta ameketi kwenye benchi la ukumbini. Kabla sijafungua kinywa, alisimama akasema: "Shikamoo mwalimu. Samahani, sikujua kama una kikao." Nilikuja kufahamu baadaye, tena si kwa kuambiwa naye, kwamba siku ile alikuwa ameomba ruhusa dukani anakofanya kibarua ili ajilipie ada, na ruhusa yenyewe ilikuwa ya mpaka saa 6 mchana. Malipo ya siku hiyo aliyakosa.

Siandiki haya ili nijitakase. Nayaandika kwa sababu ile samahani imenikaa rohoni. Iweje aliyengojeshwa ndiye aombe radhi, na aliyemngojesha aipokee kana kwamba ni haki yake?

Tunapozungumzia kuchelewa, aghalabu tunaizungumzia saa: kwamba Watanzania hatuijali, kwamba wenzetu wa Ulaya wanaijali, na kwamba hiyo ndiyo tofauti ya maendeleo. Mimi naona tunalishika jambo kwa mkia. Kuchelewa kwenyewe mara nyingi si kosa. Mtoto huamka na homa. Mvua za masika zikikolea, bonde la Jangwani hufurika na barabara ya Morogoro hufungwa, na hapo hata aliyetoka nyumbani alfajiri atachelewa. Kosa liko katika kimya kinachofuatana na kuchelewa. Mtu aliyeambiwa kwamba unachelewa bado ana mamlaka juu ya muda wake: anaweza kusubiri, kwenda sokoni, kurudi kazini au kuahirisha. Asiyeambiwa amefungwa kamba pale alipo, naye hajui kamba hiyo ina urefu gani.

Tukio la Mei 8, 2021 linalieleza jambo hili vizuri kuliko mhadhara wangu wowote. Mchezo wa Ligi Kuu kati ya Simba na Yanga ulipangwa kuanza saa 11 jioni katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku hiyohiyo ya mchezo, mashabiki wakiwa tayari wamefika, likatangazwa badiliko: mechi ingeanza saa 1 usiku, kwa maelekezo yaliyotoka wizarani. Yanga waliingia uwanjani kwa muda wa awali, kisha wakaondoka, wakisema kwamba kanuni za ligi zinataka mabadiliko ya muda yatolewe taarifa angalau saa 24 kabla. Mchezo haukuchezwa siku hiyo. Ulichezwa Julai 3.

Sitaki kufufua ubishi wa nani alikuwa sahihi, kwa kuwa katika hilo kila msomaji ana rangi yake. Ninachokiona ni kwamba ugomvi wote ule haukuhusu saa mbili zenyewe. Saa mbili si kitu kwa shabiki aliyesafiri usiku kucha kutoka mkoani. Ugomvi ulihusu taarifa: nani alistahili kuambiwa, lini, na kwa sababu gani. Yanga walikuwa na kanuni ya kuishika mkononi. Wale mashabiki majukwaani, wenye tiketi zao, hawakuwa na kanuni ya kushika. Wao walikuwa kama mwanafunzi wangu kwenye benchi.

Wapo watakaosema kwamba ninashindana na utamaduni. Kwamba Mwafrika ana saa yake. Hoja hiyo ina historia ya kisomi. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake *African Religions and Philosophy* cha mwaka 1969, aliyatumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza dhana ya Kiafrika ya wakati. Kwake yeye, Mwafrika wa jadi anayeonekana ameketi tu hapotezi muda; anaungoja, au hata anauzalisha. Wanafalsafa wenziwe, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga. Lakini hata tukimkubalia Mbiti kila kitu, hoja yake haimfai yule mkubwa anayengojesha watu. Jamii aliyoieleza iliishi wakati mmoja kwa pamoja: ngoma ilianza watu walipotimia, na hakuna aliyengojeshwa na mwingine. Wanakijiji walioketi kwenye viti vya plastiki tangu saa 3 asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi hawazalishi wakati. Wakati wao unatumiwa na mtu ambaye hakuuomba.

Tena hatuna ugonjwa wa saa hata kidogo. Nenda kituo cha mabasi cha Mbezi alfajiri uone abiria wanavyokimbia na mabegi, maana wanajua basi la mkoani halimngoji mtu. Mwezi wa Ramadhani hakuna anayefuturu kwa "saa za Kiafrika". Misa ya kwanza huanza kwa wakati wake, na aliyechelewa huingia kwa kunyata na kukaa nyuma. Saa tunaijua vizuri sana pale ambapo kuchelewa kunatugharimu sisi wenyewe. Tunaisahau pale ambapo gharama hulipwa na mwingine, hasa mwingine aliye chini yetu.

Ukichunguza utagundua kwamba katika taasisi zetu taarifa ya kuchelewa hupanda, haishuki. Karani akichelewa dakika kumi humpigia bosi simu, sauti ikitetemeka. Mwanafunzi humwandikia mhadhiri ujumbe wenye shikamoo mbili na udhuru wa aya nzima. Mkubwa akichelewa saa tatu, hakuna anayeambiwa chochote. Mshereheshaji hushika kipaza sauti na kutangaza kwamba mgeni rasmi "yuko njiani, anakaribia", na watoto wa shule waliopangwa juani huanza wimbo wao upya kwa mara ya nne. Hatimaye mgeni hufika, hushangiliwa, na husema amechelewa "kutokana na majukumu mengi". Mama aliyefunga genge lake ili ahudhurie mkutano naye alikuwa na majukumu, lakini hayo hayakutajwa katika ratiba.

Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba kutoa taarifa ni kipimo cha nani tunamhesabu kuwa mtu mwenye shughuli. Tusiyemjulisha tumekwisha kuamua, pengine bila kujua, kwamba muda wake hauna thamani.

Serikali zetu zimewahi kupambana na utoro na uzembe, na nakumbuka hamasa ya Novemba 2015, pale Rais John Magufuli, siku moja baada ya kuapishwa, alipotembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha na kukuta baadhi ya watumishi hawapo mezani. Wengi tulifurahi. Hata hivyo, nidhamu tuliyojifunza ilikuwa ya kuhesabu nani yupo kitini: daftari la mahudhurio, kisha mashine ya alama za vidole. Vitu hivyo humjulisha mkubwa kuhusu mdogo. Havimwambii lolote mwananchi aliyeko kwenye foleni. Vivyo hivyo, ofisi nyingi za umma zimetundika ukutani mkataba wa huduma kwa mteja, unaotaja jibu litatoka baada ya siku ngapi. Swali langu kwa wasomaji wangu mlio katika utumishi ni moja: siku hizo zikipita, nani humtafuta nani? Mkimwachia mwananchi aje aulize, na akija aambiwe "njoo kesho", mkataba huo ni pambo la ukutani.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na usemi huu tumeuzoea hata hatuusikii tena. Hebu tuutazame kwa makini. Mdaiwa muungwana akiona hataweza kulipa siku ya ahadi humwendea mdai wake kabla ya siku hiyo. Humweleza hali, humtajia siku nyingine, na humwacha ajipange. Mdaiwa mjanja huzima simu. Wazee wetu hawakuwa na simu, lakini walikuwa na watoto wa kutuma: "Kimbia kamwambie shangazi yako leo sitafika, mgeni kaniingilia." Mtoto alitembea maili mbili ili shangazi asikae barazani akiitazama njia. Huo ndio utamaduni wetu ninaoufahamu mimi, nao ulidai zaidi ya tunavyojidai leo.

Adabu yenyewe si ngumu. Kwanza, taarifa itolewe kabla ya saa ya miadi. Ikitolewa baada ya hapo ni maelezo tu, si taarifa. Pili, iwe ya kweli. Tumezoea kusema "nipo Ubungo hapa" huku maji ya kuoga yanasikika yakimwagika. Anayeambiwa uongo huo hungoja dakika kumi zisizokwisha, na ingekuwa heri asingeambiwa kitu. Tatu, itaje muda, tena muda mrefu kuliko unavyotumaini. Ni afadhali useme saa moja ukafika kwa dakika arobaini, kuliko kusema dakika tano mara sita. Nne, imwachie mwenzako hiari: "Kama una shughuli, usinisubiri, tupange siku nyingine." Mwisho, ukifika, omba radhi kwa ufupi. Usimsimulie foleni ya magari kwa robo saa nyingine. Hiyo nayo unaichukua kwenye muda wake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mkubwa ana watu mia tano wanaomngoja. Hawezi kumwandikia kila mmoja. Ni kweli, lakini ana katibu muhtasi, ana dereva, na huko aendako kuna mtendaji wa kijiji mwenye kipaza sauti. Sentensi moja inatosha: "Mgeni wetu atafika saa 7 badala ya saa 4; endeleeni na shughuli zenu, mrudi saa 6:30." Na kama ratiba inaruhusu, mkutano uanze bila yeye. Ajenda ya maji haihitaji mgeni rasmi ili ijadiliwe. Wanaharakati mnaozisimanga serikali kwa kutowajali wananchi, nanyi jiulizeni: ile semina yenu iliyoandikwa saa 3 ilianza saa ngapi, na washiriki waliotoka vijijini waliambiwa nini?

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mdogo hana ujasiri wa kuuliza. Mwanafunzi wangu naye alikuwa na namba yangu. Hakupiga, kwa kuwa katika malezi yetu mtoto hamharakishi mtu mzima, na huenda alihofu kwamba swali lake lingeonekana kuwa lawama. Siwezi kumlaumu. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema, na nisingependa ife. Lakini kwa kuwa inamfunga mdomo mdogo, inamwongezea mkubwa wajibu wa kusema kwanza. Anayeheshimiwa bila kujibebesha wajibu huo anakopa asichokusudia kulipa.

Nilimwendea mwanafunzi yule siku ya pili, nikamwomba radhi mbele ya wenzake waliokuwa naye. Aliona haya kuliko mimi. Malipo ya siku ile sikuweza kuyarudisha. Alikataa katakata nilipojaribu. Mlangoni pangu nimebandika karatasi: nisipofika dakika 15 baada ya saa ya miadi na sijatoa taarifa, mwanafunzi ana ruhusa ya kuondoka, na ni mimi nitakayemtafuta. Jumatatu iliyopita nilichelewa tena, kwa dakika 25. Nilikuwa nimetuma ujumbe nusu saa kabla. Nilimkuta kijana niliyeahidiana naye anamalizia chai kwenye mgahawa wa nje, kitabu mbele yake, hana haraka. Hakuniomba samahani.