Video moja, kopi kumi: nani analipa?

Wandugu, tunapenda kusema picha zetu ziko "mu wingu". Hapana. Ziko ndani ya vituo vya data, majumba yenye maelfu ya diski zinazokula umeme usiku na mchana. Diski nyingi za hayo majumba ziko na tantali, inayotoka ku koltani. Ile koltani tunaijua: inachimbwa Rubaya, kule Masisi, mahali mashimo yanaangukia wachimbaji na wenye bunduki wanakusanya kodi.

Basi kila diski ya bure ni mzigo juu ya mgongo wa mtu wa kwetu.

Dawa iko. Kuko programu zinazotambua kopi zenye kufanana na kuchunga moja tu. Data ya zamani, yenye hakuna mtu anafungua, iwekwe ku tepu za sumaku: tepu ikilala ku etajeri haikule umeme. Na diski zingali nzima zifutwe vizuri, zitumike tena. Leo makampuni mengi yanazisaga tu, juu ya kuogopa siri zitoke.

Hatusemi hii itamaliza vita. Tunasema matumizi mabaya yasilipwe na damu yetu.

Tunaomba Leta: ukijenga kituo cha data, andika masharti haya mu mkataba, utangaze. Vijana waliosoma enformatiki tuko hapa, bila kazi. Tuite.