Kamyoneti Inayolia: Usiizibe Kinywa, Isikilize

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani,

Kila kambi ina kamyoneti moja ambayo watu wote wanaijua pasipo kufungua dirisha. Asubuhi inapita, kwi-kwi-kwi, kwenye kila shimo la njia. Watoto wanaiiga, wakubwa wanacheka. Na mwenyewe akiulizwa, anajibu: "Ni uzee tu. Gari linatembea."

Leo ninataka tuzungumze juu ya neno hilo, "gari linatembea." Mimi pia nililisema. Kamyoneti yangu ililia nyuma upande wa kushoto karibu miezi mitatu. Nikamwangia resori mafuta machafu ya motere, ikanyamaza. Nikafurahi. Jumapili moja tulitoka shambani karibu na Likasi, tukiwa na mifuko ya mahindi na makala, na watoto wawili wamekaa juu ya mifuko. Kwenye shimo moja, lame kubwa ya resori ikavunjika. Gari likainama, nyuma ikavutwa pembeni, tukaingia ndani ya majani. Hakuna aliyekufa. Lakini mtoto mmoja alirushwa chini na kuvunjika mkono. Nilipotazama ile lame, niliona ufa wa zamani umejaa kutu, na upya wa chuma ulikuwa kidogo tu. Maana yake lame ilikuwa imepasuka zamani. Gari lilikuwa likisema, na mimi nikaliziba kinywa.

Ndiyo maana nasema: kilio cha gari ni kama homa ya mtoto. Homa si ugonjwa wenyewe, ni habari ya ugonjwa.

Kwanza, tujue nini kinalia. Kamyoneti zetu nyingi za zamani, kama Hilux, zimebebwa nyuma na resori za lame. Land Cruiser za namna ya 70, zilizotoka mwaka 1984, kamyoneti zake zilikuwa na lame mbele na nyuma mpaka 1999, ndipo mbele wakaweka resori za kuviringana. Lame ni vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari likishuka na kupanda, vinasuguana. Kwenye ncha zake kuna jumeli na kauchu, ndizo silambloki. Mavumbi yetu mekundu yanaingia ndani, grese inakauka, kauchu inakuwa ngumu na kupasuka. Mbele tena kuna rotuli, kuna kauchu za mikono, na kuna za amortisere. Kila mahali hapo panaweza kulia.

Wakati wa mvua kilio kinapotea, na wakati wa kipwa kinarudi. Usidanganyike. Gari halijapona, limelowa tu.

Na jambo hili lenyewe linatupa njia ya kutafuta. Simamisha gari pahali pa sawasawa, uzime motere, ufunge breki ya mkono. Mtu mmoja asukume pembe moja ya gari chini kwa uzito wake, mara tano ao sita. Mwingine achuchumae kando, asiingie chini, asikilize. Mfanye hivyo kwenye pembe zote nne. Mkijua pembe, twaeni chupa ya maji. Mwageni maji kidogo kwenye kauchu moja tu, kisha msukume tena. Kama kilio kinaendelea, endeni kwenye kauchu ya pili, kisha jumeli, kisha katikati ya lame. Pahali ambapo maji yananyamazisha kilio kwa dakika chache, ndipo ugonjwa ulipo. Maji ni bure, na hayaharibu kauchu.

Sikilizeni pia namna ya sauti. Kwi-kwi ni ukavu. Ko-ko, kama nyundo ndogo, ni kitu kilicholegea ao kilicholika. Na sauti ya kusaga karibu na gurudumu si ya resori: ni breki ao rulema. Hiyo msiisafirishe hata kilometre moja zaidi. Tena, mkiachilia pembe ya gari nayo ikaendelea kucheza juu na chini kama mtumbwi, ao mkiona mafuta yametiririka juu ya amortisere, amortisere imekufa.

Sasa juu ya dawa. Ndugu wengi watasema: "Mwaga mafuta ya zamani, yatosha." Mimi ninakataa, na nina sababu nne. Mafuta hayo yanakamata mavumbi, yanakuwa kama dawa ya kusagia chuma. Yanavimbisha kauchu na kuiozesha. Yanaweza kutiririka mpaka kwenye breki. Na sababu ya nne ni ngozi yako: mafuta machafu ya motere, ukiyagusa siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, yanaweza kuleta kansa ya ngozi. Msinawe mikono kwa esanse, mnawe kwa sabuni. Na nguo za garaji zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto.

Dawa ya kweli ni hii. Kama jumeli ina pahali pa kutia grese, pampu mpaka grese ya zamani yenye mavumbi itoke yote na mpya ionekane. Kama lame zinalia, zioshwe, zisuguliwe kwa brosi ya chuma, zitazamwe moja moja kama zina ufa. Lame yenye ufa haitengenezwi kwa kuunganishwa na moto, sababu moto unaondoa ugumu wake. Ibadilishwe. Bulo ya katikati itazamwe vilevile, maana ikikatika gurudumu linarudi nyuma, na gari linatembea upande kama kaa. Zile bulo za kupinda zinazofunga resori na eksi zikifunguliwa, ziwekwe mpya, na baada ya kilometre kama 500 zikazwe tena.

Kauchu iliyopasuka haina dawa isipokuwa kubadilishwa. Ile inayokatwa ndani ya pine ya zamani inaweza kukufikisha garaji, lakini si ya mwaka mzima. Na siri moja ambayo mafundi wengi wanaisahau: bulo za kauchu zikazwe mara ya mwisho wakati gari limesimama juu ya magurudumu yake, si wakati linaning'inia juu ya kriki. Ukizikaza likiwa linaning'inia, kauchu inajipinda gari likishuka, na baada ya muda mfupi imekatika. Kisha utasema vipande vya siku hizi ni vibaya. Rotuli yenye kucheza nayo usiidanganye kwa grese. Ikitoka njiani, gurudumu linalala, na volani haina kazi tena.

Juu ya kriki, nisikilizeni vizuri. Watu wanakufa nyumbani, si shimoni tu. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Udongo uwe mgumu, magurudumu mengine yazibwe, na gari likae juu ya vigingi vya chuma vya garaji, ao magogo mapana ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kupishana. Matofali hapana. Tofali halipindi, linapasuka kwa mara moja bila kukuonya. Na watoto wakae mbali, wasitumwe kushika funguo chini ya gari.

Najua jibu litakalokuja: "Vipande ni bei, na mshahara unaujua." Kweli, naujua. Lakini kati ya vipande vyote vya gari, kauchu ni ya bei ndogo. Kauchu isiponunuliwa inakula jumeli, jumeli inakula resori, na resori ikivunjika inakula mkono wa mtoto. Mkono hauuzwi sokoni.

Neno langu la mwisho ni kwa watu watatu.

Shofere, kama gari la kazi linalia, andika ndani ya daftari lake, kwa tarehe na upande. Usingoje mwenzako wa zamu ya pili aandike. Yeye pia anangoja wewe.

Mkubwa wa kazi, shofere akileta habari ya kilio, usimwambie kwamba anatafuta kupumzika. Mtu akifokewa mara moja, mara ya pili atanyamaza, na gari litasema lenyewe, huko njiani, na watu kumi nyuma. Saa moja ya garaji ni ndogo kuliko siku moja ya kilio cha watu.

Na wewe mama, masikio yako ni mazuri kuliko unavyofikiri. Unaijua sauti ya gari la nyumba kama unavyojua kikohozi cha mtoto. Ikibadilika, uliza. Baba akisema "linatembea," mwambie akuonyeshe pahali panapolia. Na siku ya shamba, mifuko ikae nyuma, watoto wasikae juu yake.

Chupa ya maji, watu wawili, na nusu saa ya Jumamosi: hiyo ndiyo bei ya kuanza. Kamyoneti ya zamani inaweza kututumikia miaka mingi bado, lakini tuisikilize inapoomba msaada, sababu siku ya kuvunjika haitaomba tena.

Usalama kwanza, kazini na nyumbani.