WATOTO SI MAPAMBO YA MGENI RASMI

Ndugu yangu kijana wa kijiweni, weka kikombe cha kahawa chini kidogo tusemezane.

Halaiki unaijua. Watoto wamevalishwa fulana za rangi, wamepangwa uwanjani tangu asubuhi, wanamsubiri mgeni rasmi. Mheshimiwa anafika na msafara wa mashangingi jua likiwa utosini, anakaa kivulini, anapunga mkono. Watoto wanaruka, wanapanga maumbo kwa miili yao, wanapigiwa makofi. Kwa dakika hizo chache wamefundishwa wiki kadhaa, na vipindi vya darasani vimepita bila wao. Kesho yake nani anawauliza kama wamefanya mazoezi? Hakuna!

Walimu wa halaiki ni mafundi, heshima yao nawapa. Lakini piga hesabu: shule inatoa watoto wachache, umati uliobaki unatazama kwenye televisheni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Kwa siku, bwana! Siyo kila Desemba 9.

Utaniambia viwanja hakuna. Kweli. Viwanja vya wazi mijini vimevamiwa, na viwanja vikubwa kama Sokoine cha Mbeya na Sheikh Amri Abeid cha Arusha vilibaki mikononi mwa CCM hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Hilo tunalidai na tutaendelea kulidai. Lakini mtoto wa darasa la tatu hawezi kungoja ugomvi huo uishe ndipo aruke kamba.

Basi kazi ni yako. Mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Tuwashike kwa kauli yao. Chukueni Jumamosi hiyo, muipeleke shule ya msingi ya mtaani kwenu, na shule nzima ishiriki.

Hakuna longolongo. Andikeni barua kwa mwalimu mkuu, mpitie serikali ya mtaa, mkae na mwalimu wa michezo na kamati ya shule. Wazazi waulizwe mapema mtoto gani ana pumu, selimundu au tatizo la moyo. Anzeni saa 1 asubuhi, mmalize kabla ya saa 3 jua halijawa kali. Fungueni kwa mchakamchaka wa shule nzima, kisha kila darasa na kona yake: rede, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kuruka kamba. Kila kona iwe na ndoo ya maji safi na mtu mzima wa kuangalia. Mtoto mwenye ulemavu apangiwe mchezo wake, asiachwe kulinda viatu vya wenzake. Gharama? Kamba, magunia, maji na ngoma moja. Vijana kumi wakichanga, shughuli inakwisha.

Sasa nitawaudhi wenzangu. Bendera ya chama chetu ibaki ofisini. Shuleni si mahali pa siasa, na tukiwavalisha watoto fulana zetu tutakuwa tumebadilisha mgeni rasmi tu. Mtoto wa kada wa chama tawala na mtoto wa mpinzani wavute kamba upande mmoja.

Wala msijenge jukwaa. Msikodi viti vya wakubwa, msiandae risala. Diwani akitaka kuja, mbunge akitaka kuja, karibuni sana. Lakini aje na raba, aingie kwenye mstari nyuma ya darasa la saba, akimbie!