Usawa Haukuwa Malipo ya Kujikana
Mmekwisha kuisikia hoja kwamba Wayahudi wa Ulaya walijiponza wenyewe. Imejengwa juu ya madai manne. Tuyapime moja moja, na hukumu iwe yenu, wasomaji.

Dai la kwanza: walipewa uraia kwa sharti, wakalivunja. Sharti lilikuwepo kweli. Sheria ya Ufaransa ya Septemba 1791 iliwataka wale kiapo cha uraia na kuachana na taratibu zao maalumu za kisheria. Haikuwataka waache dini. Wakala kiapo. Mwaka 1807 baraza la marabi na viongozi wao, lililoitishwa Paris na Napoleon mwenyewe, likatamka kwamba Ufaransa ndiyo nchi yao na sheria zake zinawabana. Machi 1808 Napoleon huyohuyo akatoa amri ya kuwabana Wayahudi wengi, hasa wa Alsace, katika biashara na makazi kwa miaka kumi. Amueni ni nani aliyevunja ahadi.

Dai la pili: walichukiwa kwa kujitenga. Kama ni hivyo, asiyejitenga angesalimika. Alfred Dreyfus alikuwa kapteni wa jeshi la Ufaransa, Mfaransa kwa elimu, lugha na utumishi. Mwaka 1894 alihukumiwa kwa uhaini ambao hakuufanya, na hakusafishwa jina hadi 1906. Ujerumani nako, mwaka 1916, jeshi liliwahesabu askari wake Wayahudi kwa tuhuma kwamba wanakwepa mapigano. Wayahudi wapatao 12,000 waliifia nchi hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Na sheria za Nuremberg za 1935, ambazo Wanazi walizitumia kuwanyima Wayahudi haki za uraia, zilitazama dini ya mababu na mabibi: mwenye watatu Wayahudi alihesabiwa Myahudi hata kama yeye alibatizwa.

Dai la tatu: walijipenyeza mno katika magazeti, benki na vyuo. Dai hili hutoka katika vinywa vilevile vilivyotoa la pili. Kama kosa ni kujitenga, kuchangamana ndiyo dawa. Kama kosa ni kuchangamana, basi waliojitenga hawana hatia. Madai yote mawili yakishikwa kwa pamoja, hakuna mwenendo ambao ungewaokoa, na kwa hiyo mwenendo wao haukuwa sababu. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Dai la nne hutoka upande mwingine, kwa wanaoulilia Uyahudi: uraia ndio uliouua. Wana ushahidi mzito. Watoto wanne kati ya sita waliofikia utu uzima wa mwanafalsafa Moses Mendelssohn waliingia Ukristo, na mshairi Heinrich Heine alibatizwa mwaka 1825. Lakini tazameni tarehe. Mwaka 1822 Prussia ilikuwa imewafungia Wayahudi nafasi za kufundisha vyuo vikuu. Palipokuwa na mlango uliofunguka kwa ubatizo tu, kilichowasukuma watu kubatizwa ni usawa uliopungua. Tena, kuanzia 1851, Rabi Samson Raphael Hirsch alijenga Frankfurt jumuiya iliyoshika Torati kikamilifu, na shule yake ikafundisha Torati pamoja na elimu ya kisasa. Raia na Myahudi wakakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Madai yote manne yana mzizi mmoja: kwamba haki ni ujira wa kufanana na walio wengi. Haki inayongoja mtu afanane ni kibali, na aliyekitoa anaweza kukifuta, kama ilivyofanyika 1808 na 1935. Dola ndiyo inayodaiwa usawa. Raia hadaiwi sura mpya.