Mfupa wa Mguu Haufuati Ratiba ya Mwajiri



Wako wanaodhani kuumia kazini ni mambo yetu sisi wa viwandani na mashambani tu. Sivyo. Mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu naye ni mfanyakazi. Chombo chake cha kazi ni mguu, na mwajiri wake huhesabu faida kama waajiri wengine.

Mbele ya kifundo cha mguu upo mfupa mdogo uitwao navikula. Huo hubeba mzigo mkubwa mtu anaporuka na kutua. Katikati yake damu hufika kwa shida, hivyo ukipata ufa hupona polepole. Mgonjwa hufungwa plasta, hutembea kwa magongo wiki sita au zaidi bila kuukanyagia mguu, na pengine hupasuliwa na kutiwa skrubu. Kisha huanza upya: kutembea, kukimbia, ndipo kuruka. Akiharakishwa, ufa hurudi.

Tutazame mfano wa Bill Walton. Mwaka 1978 alikuwa mchezaji bora wa ligi ya Marekani, akiichezea timu ya Portland. Mguu ukamuuma, akachomwa sindano ya kutuliza maumivu ili acheze mechi za mtoano. Picha iliyopigwa baadaye ilionyesha navikula imevunjika. Sindano iliua maumivu, haikuunga mfupa. Katika misimu minne iliyofuata alicheza mechi 14 tu.

Joel Embiid, mzaliwa wa Kameruni, alipasuliwa mguu mwaka 2014 na tena mwaka 2015. Misimu miwili mizima hakucheza, na mshahara aliendelea kupata kwa mkataba. Alianza kucheza mwaka 2016, na mwaka 2023 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Watu watasema, "Hao ni matajiri, sisi je?" Ndugu zangu, haki zao hazikudondoka kutoka mbinguni. Wachezaji hao wana chama chao tangu 1954. Mwaka 1964, mjini Boston, nyota wa ligi walikataa kutoka chumba cha kubadilishia nguo mpaka waahidiwe pensheni. Wakaahidiwa. Leo mkataba wao wa pamoja unampa mchezaji haki ya kupata maoni ya daktari wa pili.

Sisi tunaosimama kwenye mashine kutwa nzima, au kupanda milima na kikapu cha chai mgongoni, mifupa yetu ni ile ile. Mfanyakazi anayerudishwa kazini akichechemea, kwa kuwa nyapara ana upungufu wa watu, kesho atakuwa kilema, na mzigo utakuwa wa mke na watoto.

Kwa hiyo kila tawi linapokaa kujadili mkataba, lidai mambo matatu: mapumziko yenye mshahara mpaka mfupa uunge, daktari wa pili, na kazi nyepesi kwa anayerejea. Na wewe uliyeumia, usimeze vidonge ukanyamaza. Mwone mwakilishi wako leo.