Fundi Peke Yake Hatoshi

Katika magodauni mengi, Dar es Salaam hadi Mombasa, kuna imani iliyoota mizizi: foklifti iliyopakia mzigo jana jioni ni nzima asubuhi hii, na ikiharibika fundi yupo. Kwa wenye imani hiyo, ukaguzi wa kila siku ni kupoteza dakika kumi wakati lori linasubiri nje. Naipinga bila kumumunya maneno, maana inahatarisha maisha ya watu.

Fundi wa matengenezo huja mashine inapotimiza saa 250 za kazi, pengine 500. Godauni lenye zamu mbili za saa nane hupitisha angalau zamu 31 kabla ya kumwona. Katika zamu hizo mashine imegonga rafu, imepanda kizingiti ikiwa na mzigo, imeburuza uma sakafuni. Fundi hakuwepo. Dereva alikuwepo.

Tena ubovu mwingi haupigi kelele. Kisigino cha uma, pale chuma kinapokunja kwenda juu, huliwa taratibu na sakafu. Chuma cha milimita 40 kikilika hadi 36, jicho la haraka litasema ni kizima. Lakini nguvu yake ya kuhimili mpindo hufuata mraba wa unene, kwa hiyo karibu sehemu moja ya tano ya uwezo imekwisha kupotea. Kibao cha mashine bado kinasema tani mbili na nusu, na dereva anakiamini. Kipimo cha kugundua hilo kinaenea mfukoni, na kukitumia hakumalizi dakika.

Mafuta ya haidroliki ndiyo kabisa. Tone lililodondoka usiku chini ya mashine iliyoegeshwa huonekana asubuhi, kabla haijasogezwa. Zamu ikianza, limekanyagwa na kusahaulika. (Na asiwepo wa kutafuta tundu la mpira wa mafuta hayo kwa kiganja: mafuta yenye presha hupenya ngozi, na mkono unaweza kukatwa.)

Wapo watakaojibu kuwa fomu za ukaguzi wanazo. Fomu zipi? Zile zinazojazwa Ijumaa kwa wiki nzima, tiki zote za kalamu moja? Hizo ni hatari kuliko kutokuwa na fomu, kwani zinathibitisha breki ambazo hakuna aliyezikanyaga. Wala sikubali kwamba kosa ni uvivu wa madereva. Dereva aliyesema Jumatatu kuwa breki zinateleza akaambiwa, "Malizia kwanza lori hili," Jumanne hutia tiki na kunyamaza. Amefundishwa na bosi wake.

Sheria haiko upande wa bosi huyo. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inamkataza mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Msimamizi anayesema "malizia kwanza" anaamuru kinyume cha hapo.

Kwa hiyo madai yangu kwa wenye magodauni ni haya: dereva akisema mashine haifai, ufunguo ufungiwe kabatini na usitoke mpaka fundi aitengeneze na kusaini. Dereva asikatwe hata shilingi kwa muda uliopotea. Lori lisubiri.