Mgeni Aliyekwisha Kupewa Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii imesemwa sana majukwaani tangu miaka ya Uhuru, na kila iliposemwa mlengwa alikuwa mgeni mvivu, yule anayekula asifanye kazi. Upande wake wa pili hausemwi. Jembe lile la siku ya tatu si adhabu, bali ni hati. Aliyepewa jembe ametolewa katika hesabu ya wageni na kutiwa katika hesabu ya wenye kulima, na tangu saa ile mwenyeji aliyempa hana tena haki ya kumgeukia siku ya elfu kumi akamwuliza, “Wewe, ulikuja lini, na nani alikuruhusu?”

Swali hilohilo ndilo linaloulizwa Ijumbi.

Ijumbi ni kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, katika nchi ya migomba na mibuni. Mhaya hulima kibanja chake kama mtu atunzaye nyumba: hupalilia, hukata majani na kuyatandaza chini ya migomba, hupogoa, huchuma kahawa. Ni kazi nyingi, tena haina mwisho. Kahawa ilipoanza kuleta fedha za kutosha, katika miaka ya 1920, sehemu kubwa ya kazi hiyo katika nchi ya Bukoba ilishikwa na watu wa ujira waliotoka Ruanda na Urundi. Wala hawakuja kutoka nchi ya mbali. Mpaka Vita Kuu ya Kwanza nchi hizo na Bukoba zilikuwa chini ya bendera moja ya Kijerumani; mpaka wa sasa ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya 1919, waliogawana nyara zao. Watu hao walilima, wakalipa kodi ya kichwa pale walipolima, na stakabadhi ya kodi ikawa karatasi pekee mfukoni mwa wengi wao. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 walifurahi kama walivyofurahi wote. Hapana aliyewaambia kwamba siku ile walipoteza pia karatasi ya mwisho iliyoonyesha kwamba wamekuwapo.

Na awaziwe mtu mmoja katika hao. Wenzake ni wengi, na jina lake halina haja. Aliingia nchini mwaka 1984, mtoto wa miaka kumi, akimfuata mjomba wake kutoka Muyinga, upande wa Burundi. Alipokewa Ijumbi kwa kahawa ya kutafuna kama apokewavyo kila mgeni wa Wahaya, kisha akapewa jembe. Amepalilia vibanja vya watu mpaka akapata pahali pake padogo. Ameoa mwanamke wa kijiji. Amechimba makaburi ya majirani, na katika nchi ile mtu asiyefika msibani hujulikana upesi. Anasema Kihaya kama mtu aliyezaliwa nacho, na Kirundi chake kimechakaa. Kijiji kizima kinajua aliingia mwaka gani, kwa mlango gani, na nani alimpokea. Katika Jamhuri nzima ni Serikali tu isiyomjua, na Serikali ndiyo inayomtaka athibitishe.

Basi anakwenda kuthibitisha. Huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye huandika barua. Barua hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji, akaigonga muhuri. Kutoka hapo hupelekwa kwa mtendaji wa kata. Mpaka hapa mambo ni mepesi, kwa kuwa wote watatu wamekula harusini kwake. Tabu huanza barabarani, kwenda Muleba, na ikibidi kwenda Bukoba. Huko huulizwa neno moja tu: “Mzee, pasi yako ya kusafiria iko wapi?” Hana. Alivuka akiwa mtoto, na mjomba wake alivuka kwa miguu. Kibali cha ukaazi hutolewa kwa mtu mwenye pasi ya nchi yake, na pasi ya nchi yake hutolewa kwa mtu mwenye vyeti vya nchi yake, na vyeti vya nchi yake, kama vilipata kuandikwa, viko katika tarafa ambayo hana ndugu hai anayemkumbuka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuwa mkazi halali wa Ijumbi ni kuondoka Ijumbi, kuvuka Kabanga bila ya karatasi, kutafuta uraia wa nchi aliyoiacha akiwa mtoto, kisha kurudi na kuomba kuingia mahali ambapo hajapata kutoka kwa miaka arobaini.

Atakayesema kwamba haya ni makosa ya karani mmoja mkali atakuwa amekosea. Karani hufanya alivyoagizwa. Ubovu umo katika namna sheria ilivyokatwa, maana ilikatwa kwa kimo cha mtu mwingine. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 ina madaraja matatu ya vibali. Daraja A ni la wenye shughuli zao wenyewe, na humo ndimo ulimotiwa ukulima; kwa hiyo mwenye mashina thelathini ya migomba anasimama mstari mmoja na mwenye kiwanda. Daraja B ni la walioajiriwa. Lakini kabla ya kibali cha ukaazi sharti kipatikane kibali cha kazi, kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya 2015 ya ajira za wageni. Na mwajiri hapana budi aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania wa kufanya kazi hiyo asimpate, na tena awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa mgeni. Masharti haya yanamfaa mhandisi wa mgodi. Bibi kizee wa Ijumbi anayemlipa mtu ampalilie robo eka atatunga mpango gani wa kurithisha ujuzi wa palizi? Daraja C ni la wengineo, kama wanafunzi na watafiti. Ada za vibali hutajwa kwa dola za Kimarekani, fedha ambayo mpaliliaji hajapata kuishika. Na maombi siku hizi hujazwa katika intaneti.

Ndoa nayo haimsaidii. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anao mlango wake maalumu wa kuomba uraia wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo. Atasimama pamoja na wageni wote wanaoomba tajnisi, akithibitisha kwamba amekaa nchini mwaka mzima kabla ya kuomba, na si chini ya miaka saba katika kumi iliyotangulia. Kukaa amekaa, mara sita ya hiyo. Atathibitisha kwa karatasi ipi, ikiwa karatasi ya kukaa ndiyo aliyonyimwa?

Sheria hiyohiyo ina kifungu kinachosema kwamba mtu aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, huhesabiwa kuwa raia tangu kuzaliwa kwake, isipokuwa watoto wa mabalozi na wa maadui walioingia nchini kivita. Asomaye maneno hayo atadhani kwamba shida ya Ijumbi hufa pamoja na baba, na kwamba watoto wako salama. Lakini maofisini hayatumiki hivyo. Mtoto huulizwa uraia wa wazazi. Kuna watu Kagera waliozaliwa hapa, wa wazazi waliozaliwa hapa, ambao bado huitwa kwa jina la nchi ya babu.

Jina hilo nalo lastahili kutazamwa, hasa na watu wanaoshughulika na lugha. Idara huwaita watu hawa “walowezi”. Neno limetokana na kulowea, yaani kukaa mahali mpaka ukapazoea, na kwa asili yake halina ubaya wowote. Lakini kwa miaka mingi Mswahili alipotamka neno mlowezi alimaanisha Mzungu wa nyanda za juu za Kenya, au wa Rhodesia: mtu aliyefika na bunduki na hati ya serikali ya kigeni, akatwaa maelfu ya eka, akamfanya mwenye nchi kibarua chake. Mlowezi yule alikuwa na karatasi zote. Alikuwa na pasi, alikuwa na hatimiliki, alikuwa na gavana wa kumwandikia barua. Leo neno lake amevishwa mtu ambaye yeye ndiye kibarua, asiye na eka wala hati. Je, ni mzaha wa historia tu? La, si mzaha. Ukimwita mpaliliaji mlowezi umekwisha kumtia hatiani, kwa kuwa masikio ya Kiswahili yanakumbuka. Kingepatikana kwa urahisi neno jingine. Kijiji kina neno lake, nalo ni jirani.

Wapo wanaojibu kwamba mpaka lazima ulindwe, na jibu hili lisichekwe na mtu aliye mbali na Kagera. Watu wa mkoa huu waliona majeshi ya Idi Amin yakiingia mwishoni mwa 1978 na daraja la Kyaka likivunjwa. Mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, waliona robo milioni ya Wanyaruanda ikivuka Rusumo katika muda wa siku moja. Baadaye walijua ujambazi wa silaha barabarani, mabasi yakisindikizwa na askari, na makundi ya ng'ombe wa watu wasiojulikana katika mapori ya hifadhi. Anayeogopa haya haogopi kivuli. Lakini huyo jambazi, ni lini aliomba kibali? Barua ya mwenyekiti wa kitongoji haimnasi mtu wa bunduki, kwa kuwa mtu wa bunduki hakai kitongojini. Mtu anayeweza kunaswa kwa karatasi ni yule tu mwenye nyumba inayojulikana, mke anayejulikana na shamba lisilohamishika.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2013. Mwezi wa Julai Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu majuma mawili waondoke na wenye silaha wazisalimishe. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Majambazi walikamatwa, na silaha zilipatikana, hilo lisemwe. Lakini maelfu waliovuka Rusumo, wakapangwa katika kambi ya Kiyanzi upande wa pili, walikuwamo wazee na watoto wengi, waume walioacha wake Watanzania, na watu walioshindwa kusema ni kijiji gani cha Ruanda wanachorudi. Wakati ule uhusiano wa serikali mbili hizi ulikuwa umechafuka kwa mambo ya Kongo; mpaliliaji hakuwa na habari na mambo hayo.

Ajabu ni kwamba Serikali hiyohiyo imepata kutenda jambo kubwa la ukarimu, ambalo mataifa tajiri hayajalithubutu. Mwaka 1980 wakimbizi wa Ruanda wapatao 36,000 walifunguliwa mlango wa uraia. Wakimbizi wa Burundi wa 1972, zaidi ya 160,000, walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kwa hiyo ugumu si wa kukosa uwezo. Tofauti ni hii: mkimbizi aliandikwa kambini siku aliyofika, akapewa namba. Mpaliliaji hakwenda kambini. Hakuomba chakula wala turubai, aliomba kazi. Aliyejilisha mwenyewe tangu siku ya tatu ndiye aliyekosa namba. Baada ya 2013 walowezi wa mikoa mitatu waliandikishwa, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na kuandikishwa huko kulikuwa kwema. Ila kuandikwa katika daftari la watu wasio na kibali si kupewa kibali.

Wengine hutegemea Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu 1 Julai 2010, na Burundi na Ruanda zimo. Kanuni zake zasema mfanyakazi aombe kibali katika siku kumi na tano za kazi tangu kufunga mkataba, na ofisi ijibu katika siku thelathini. Maneno mazuri. Lakini hutaka mkataba wa maandishi na hati ya kusafiria, na mkataba wa palizi hufungwa kwa mdomo, kibanjani, mbele ya pombe ya ndizi.

Linalotakiwa si kubwa. Ushahidi wa kijiji, uliotolewa hadharani mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kuandikwa katika kumbukumbu zake, uwe msingi wa kibali badala ya pasi, kwa kila aliyekaa miaka inayotosheleza tajnisi. Ada itajwe kwa shilingi, na isizidi ujira wa majuma machache. Ofisi itakayokataa ikatae kwa maandishi, kwa sababu iliyotajwa, ndani ya siku thelathini zilezile za Itifaki, ili aliyekataliwa ajue pa kukatia rufani. “Njoo wiki ijayo” lisihesabiwe kuwa jibu. Mwenye hila atanunua mashahidi, watasema. Huenda. Lakini ni rahisi zaidi kumnunua mtu mmoja nyuma ya meza kuliko kukinunua kijiji kizima kinachogombania mipaka ya vibanja.

Wakati haya yanasubiriwa, mtu wa Ijumbi anaendelea kuishi kwa jina la mkewe. Laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, laini yake iliandikwa kwa jina la mke, na fedha zake hupita humo. Kahawa huuzwa kwa jina la mke. Kijana wake mkubwa alipokwenda kujiandikisha apate kitambulisho, aliulizwa baba yake alizaliwa wapi. Kijana akataja Ijumbi. Aliporudi nyumbani alimweleza baba yake alichojibu, na baba yake hakumkemea; aliuliza tu kama karani aliandika.